Fundi wa Ndoana na Moto wa Guta

Ukimpelekea waya uliotoka kwenye tairi lililochomwa, hakuupokea. Aliunusa kwanza, akaukunja kidogo kwa vidole viwili, akakurudishia. "Huu umeshakufa," alisema. "Kauzikeni wenyewe." Kisha aliendelea kupiga tupa kama vile hujafika. Watu walibishana naye, kwa sababu tairi ukilichoma unapata waya wake kwa dakika chache, na ukilikata kwa kisu na patasi unamaliza siku nzima na unajikata vidole. Aliwaambia hiyo si shida yake, na mlango upo wazi.

Musoma nzima tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, wa saa, wa viatu, wa redio, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu alikuonyesha banda la bati nyuma ya soko, karibu na wanakoanika nyavu. Jina lake nalijua. Silitaji hapa kwa sababu ana binti, na binti hajamkosea mtu.

Namwandika kwa mambo mawili yasiyopatana. Moja ni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutazama kitu mpaka ndani, mimi niliyeacha shule darasa la tano na kuzurura kati ya Musoma, Butiama na Bunda nikibeba mizigo ya watu kwa baiskeli. Jingine ni kwamba dada yangu alifukuzwa kwa mume wake, kijijini Guta, kwa kosa ambalo hakulifanya, watoto wake wawili wakabaki huko, na neno moja la Fundi lingemrudisha. Fundi alilijua hilo neno.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na siku nyingine ulipanga foleni kabla ya kujua kinachouzwa. Ndoana za kutoka nje zilikuwa hazionekani kabisa. Na ziwani ndiyo kwanza sangara alikuwa amejaa, samaki ambaye wazee walikuwa hawajamzoea, mwenye nguvu kama ndama. Ndoana ndogo za kuvulia sato aliondoka nazo. Fundi akaanza kutengeneza ndoana kubwa kutokana na springi za viti vya mabasi mabovu, na ndogo kutokana na waya wa tairi. Wavuvi walikuja hadi kutoka visiwani. Walikaa nje ya banda wakisubiri, na hakuna aliyethubutu kugonga mlango.

Mlango aliufunga hata mchana. Mimi nilidhani anaficha ujuzi. Siku aliyoniruhusu kuingia nilimuuliza.

"Jua linadanganya," alisema. "Nikiwa juani chuma chekundu nitakiona cheusi. Nitakichoma kupita kiasi, halafu mtu atakosa samaki kwa sababu ya macho yangu. Kaa pale. Usiguse kitu."

Alikuwa na mioto mitatu. Moto wa kwanza ulikuwa wa kulegeza. Springi aliipasha mpaka ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu ipoe polepole, na kesho yake ilikuwa laini, inakubali kunyooshwa, kukunjwa na kuchongwa jino. Moto wa pili ulikuwa wa kukaza. Aliipasha tena ndoana ikiwa imekamilika, mpaka rangi ya kilemba cha jogoo, akaitumbukiza ghafla kwenye mafuta ya sangara yaliyokuwa kwenye kopo. Banda lote lilinuka samaki wa kukaanga. Ndoana ikitoka hapo tupa haikuweza kuila.

"Sasa hii ni ngumu," nilisema.

"Ngumu, ndiyo. Ishike uidondoshe."

Niliidondosha kwenye jiwe la kufulia chuma. Ilikatika vipande viwili kama biskuti.

"Umeona? Ina hasira. Ukiishia hapa umemuuzia mtu kioo. Moto wa tatu ni wa kuitoa hasira."

Moto wa tatu ulikuwa mdogo, na ndio uliomfanya awe Fundi. Aliweka mchanga wa ufukweni kwenye kikaango alichomnyang'anya mke wake, akaweka kikaango juu ya jiko la mkaa, akapanga ndoana juu ya mchanga baada ya kuzisugua zing'ae. Kisha alitulia akitazama. Chuma kilibadilika rangi chenyewe taratibu. Kilikuwa kama chai ya rangi iliyokosa majani, kikawa kama asali, kikawa zambarau kama ganda la kitunguu, halafu kikaja buluu, ile buluu ya shingo ya kanga wa porini. Hapohapo alikitoa. Ukichelewa kidogo buluu inafifia, inakuwa kijivu, na ndoana imeshaanza kulegea. Ndoana yake ukiivuta kwa nguvu ilifunguka kidogo, ukiiachia ilirudi.

Katika kila fungu alilotengeneza alichukua ndoana moja akaivunja kwa makusudi. Pale ilipokatikia alipatazama kwa lenzi aliyoitoa kwenye kamera mbovu. Alinipa na mimi nitazame. Chuma kilichopata moto wa haki kilikuwa na punje ndogo, zimeshikana, kama unga wa muhogo uliochekechwa. Kilichozidishiwa moto kilikuwa na punje kubwa zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Wakati huo sikujua kabisa kwamba chuma kina punje. Nilidhani chuma ni chuma tu. Nilitoka mle bandani nikitazama kila kitu, misumari, minyororo ya baiskeli, vipini vya sufuria, nikijiuliza ndani kukoje.

Waya wa tairi alinieleza kwa mfano wa katani. Alisema waya ule ulivutwa ukiwa baridi kwenye tundu dogo, kisha dogo zaidi, mpaka punje zake zikanyooka zikawa ndefu kama nyuzi, zimelaliana. Nguvu yake yote iko katika kule kuvutwa. "Ukiutia motoni ukauacha upoe, nyuzi zile zinajivunja zinakuwa punje za duara, kila moja na lake. Kwa macho ni waya uleule, hata unapendeza zaidi. Mkononi ni waya wa kufungia kuni." Ndiyo maana kwa ndoana ndogo hakutumia moto mwili mzima. Aliukunja ukiwa baridi, kwa koleo, akitukana.

Mambo haya yote aliyatoa kwenye kitabu kimoja kisicho na majalada, cha Kiingereza, alichokipata alipokuwa akifanya kazi kwenye karakana moja ya umma kabla haijafa. Kiingereza chenyewe alikijua nusu. Nusu nyingine aliikisia kwa kuchoma na kuvunja.

Fungu likiharibika hakuliuza. Nilimwona kwa macho yangu akitupa chooni kazi ya wiki mbili. Nilimwambia angewapa bure watoto wa ufukweni.

"Wataziuza," alisema. "Na kitu kikinyooka ziwani watasema ni cha nani?"

Alikuwa mtu wa kanisa, lakini akikaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya matangazo. Alikunywa chai isiyo na sukari miaka ile isiyo na sukari, na sukari iliporudi alidai ndivyo alivyopenda tangu zamani. Mkewe alituambia mbele yake kwamba ni uongo, kwamba mwanamume huyu alikuwaga anaweka vijiko vinne. Fundi alisema, "Mama, wewe unanihesabia vijiko," akaendelea kunywa akikunja uso. Hakukubali kushindwa, hata na chai.

Alijua pia kunyamaza. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipokuwa wanatupa sabuni ziwani kwa hofu, askari waliingia bandani kwake wakakuta kebo mpya za klachi, za kutolea waya. Walimchukua. Dereva aliyemletea zile kebo alikuwa na familia kubwa, na tulijua ni nani, kila mtu alijua. Fundi alikaa ndani siku kadhaa, akapigwa, akarudi na jino moja pungufu. Hakutaja mtu. Kwa jambo hilo tulimheshimu sana. Mimi nilimheshimu kuliko wote, na labda ndiyo sababu sikutambua mapema kwamba mdomo uleule unaweza kunyamaza kwa jambo jingine kabisa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka ndoana zake Guta. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mvuvi wa mgonzo, ile kamba ndefu inayotegwa ziwani ikiwa na ndoana nyingi zinazoning'inia. Mama yake, yaani mama mkwe wa dada, alikuwa ndiye mkuu wa mji ule, shemeji na ndugu zake wote wakiwa chini yake. Na mji ule ulikuwa na desturi yao. Ndoana zikikosa samaki walizivua kwenye kamba, wakazirundika kwenye moto wa kuni zikawa nyekundu, wakaziacha humo majivuni mpaka zipoe. Waliita kuchoma mkosi. Ndoana zilitoka safi, nyeusi, hazinuki chambo cha zamani. Desturi ilitoka kwa babu zao waliovulia ndoana za chuma laini cha wahunzi, na chuma kile hakikuwa na cha kupoteza motoni. Na samaki wao walikuwa wadogo.

Nilipouona moto ule mara ya kwanza nilikimbia kumwambia Fundi. Nilijua atashtuka.

"Fundi, kule Guta wanachomaga ndoana zako."

"Wanachoma nini?"

"Ndoana. Wakikosa samaki wanasema zina mkosi. Wanazitia motoni zinakuwa nyekundu, zinapoa majivuni."

Tupa ilisimama. "Majivuni? Mpaka zipoe zenyewe?"

"Mpaka zipoe."

"Halafu?"

"Halafu wanazifunga tena wanaenda ziwani. Zikinyooka, ndiyo wananiagiza nyingine."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Moto wa kwanza," alisema. "Wananirudishia moto wa kwanza." Akajifuta macho. "Haya, mtu wa barabara, pakia nyingine."

"Nisiwaambie?"

"Utawaambia nini? Kwamba babu zao walikuwa wajinga? Waache na mkosi wao."

Nilicheka na mimi. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli. Kila safari ya Guta ilikuwa safari yangu, na mtu wa baiskeli hapendi safari zipungue. Tuliendelea hivyo zaidi ya mwaka, Fundi akitengeneza, mimi nikibeba, wao wakichoma.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa. Wanunuzi wa sangara wakaja na magari ya barafu, na mvuvi aliyekosa siku moja aliona jirani yake akiezeka bati. Kukosa samaki kulianza kuuma kuliko zamani. Kwa shemeji ndoana zilinyooka, wakazichoma. Zikanyooka zaidi. Wakaanza kuchoma hata mpya kabla hazijagusa maji, nazo zikarudi zimenyooka kama sindano za kushonea magunia. Ndipo mama mkwe aliposema ndoana hazina kosa, kuna mtu anauvuka mgonzo. Kule mwanamke akivuka juu ya kamba ya kuvulia iliyolazwa chini, kamba imeharibika. Dada yangu ndiye aliyekuwa akifagia uwanja.

Alikana. Alifagia akizunguka mbali. Wakamkataza kufagia, ndoana zikaendelea kunyooka. Wakasema basi anauvuka usiku. Alinitumia ujumbe, nikaenda na baiskeli bila mzigo. Nilimweleza shemeji habari ya moto wa kwanza na wa tatu, punje na nyuzi, yote niliyoyajua. Alisikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Lakini mama yake alikuwepo.

"Wewe uliishia darasa la ngapi?" aliniuliza.

"La tano, mama."

"La tano. Na unakuja kutufundisha moto." Akamgeukia mwanawe. "Huyu ni kaka yake, ulitegemea aseme nini? Kama ni kweli, aje fundi mwenyewe aliyezitengeneza aseme hapa uwanjani. Yeye nitamsikia."

Hilo lilikuwa neno la haki, na nililishika. Fundi walimheshimu. Jino lake lililotoka wakati wa msako lilijulikana mpaka Guta. Nilirudi Musoma siku hiyohiyo, nikamwambia: Fundi, ni dada yangu. Siyo utani tena. Njoo Jumamosi useme maneno mawili tu, kwamba moto wenu ndio unaolegeza ndoana, chukueni hizi msizichome, mtaona.

Mezani kwake kulikuwa na boksi dogo la karatasi, jekundu, lenye ndoana za kutoka nje. Zilikuwa zimeanza kufika. Alikuwa amevunja moja na lenzi iko pembeni.

"Ni nzuri hizi," alisema. "Punje zake ni nzuri."

"Utakuja?"

"Nitakuja."

Jumamosi ile dada alipika. Wazee wanne wa majirani waliitwa kuwa mashahidi, wakakalishwa kwenye viti vya kuazima. Nilikwenda stendi ya Bunda mara mbili kumpokea. Basi la mchana lilipofika, kondakta aliniita akanikabidhi kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa waya. Ndani mlikuwa na ndoana mpya za sangara, buluu zote, kazi safi kuliko zote nilizowahi kubeba. Hakukuwa na barua.

Nilizipeleka. Ningefanya nini? Niliwaambia wazee kwamba Fundi amepata dharura, ila ametuma hizi, tuzitumie bila kuzichoma. Mama mkwe alikifungua kifurushi mapajani, akaziangalia ndoana moja moja.

"Amezituma, yeye hakuja," alisema. "Mtu aliye na neno haogopi kuja kulisema." Akasimama akaenda kuzimwaga zote motoni, ili kuchoma mkosi uliokuwemo.

Dada yangu alisimama mlangoni pa jiko ameshika mwiko. Wiki iliyofuata zilinyooka, na wiki hiyo ndiyo aliyorudishwa kwetu.

Nilipomwendea Fundi kumuuliza, banda lilikuwa limefungwa. Walisema anaumwa. Baadaye walisema amehama, boksi jekundu limemwua. Mimi nikaenda machimboni, nikabeba marobota ya pamba Bunda, nikaendesha baiskeli ya kubeba abiria Bweri. Kila mahali nilivunja vyuma na kutazama ndani, na kila nilipotazama nilimkumbuka kwa hasira, kwa sababu sikuwa na namna ya kulitumia jicho alilonipa bila kumkumbuka.

Nilimkuta Butiama miaka mingi baadaye, kwa binti yake. Nilikuwa nimepeleka mabati pale jirani. Alikuwa amekaa kibarazani, amenyooka vilevile, ila macho yalikuwa na ukungu. Nilipomsalimia aliijua sauti.

"Mtu wa barabara," alisema. "Bado unazurura?"

"Bado. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Binti, mletee mgeni maji."

Aliniuliza habari za Musoma. Hakuuliza habari za dada. Nilimweleza bila kuulizwa. Nilimwambia anauza dagaa sokoni Musoma, meza ya tatu ukiingia kwa upande wa ziwa. Shemeji ana mke mwingine. Watoto amewaona mara chache, na mkubwa akipita sokoni hamwamkii, amefundishwa hivyo.

"Ndoana sasa wanatumia zipi kule?" aliuliza.

"Za boksi."

"Na bado wanachoma?"

"Bado. Mwaka jana wamemrudisha mwanamke mwingine."

Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mbali. Nikamuuliza kwa nini hakuja siku ile.

"Nilifika," alisema. "Nilifika Bunda na basi la asubuhi, kabla yako. Nilikaa Kabasa, kwenye njia yako, katika kibanda cha chai. Nilikuona unapita na baiskeli. Nilikuwa nawaza, nikisema pale, wale wazee watauliza, kumbe ulijua lini? Nitajibu nini? Nilijua mwaka mzima. Wangesema nimekula jasho lao. Na ningeishije? Boksi limeshaingia, nimebaki na jina tu. Nikampa kondakta wa basi la mchana kile kifurushi, nikapanda gari la kurudi."

"Na dada?"

"Nilidhani zile ndoana zitasema zenyewe."

Nilitaka kumtukana. Lakini swali la wale wazee lilikuwa langu pia, kumbe ulijua lini, na mimi nilijua tangu siku ileile aliyojua yeye. Kwa hiyo nilimwambia kitu kimoja tu. Nilimwambia hahitaji kwenda Guta tena, mama mkwe amekufa na uwanja ule una watu wengine. Ila dada yupo pale mezani kila siku isipokuwa Jumapili. Hajawahi kusikia kwa mtu mwingine zaidi ya mimi kwamba hakuharibu kitu, na mimi ni mdogo wake, haniamini sana. Aende amwambie yeye tu.

"Nitakwenda," alisema. "Mwambie nitakwenda."

Binti yake alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza tulikuwa tunaongea nini muda wote ule, maana baba siku hizi haongei. Nikamwambia tuliongea habari za waya.

Nilimpelekea dada ujumbe. Hakusema amefurahi wala amekasirika. Alipangusa meza, akatafuta kigoda, akakiweka upande wa kivuli, na tangu siku hiyo hakumruhusu mtu yeyote kukikalia.

Fundi aliishi mwaka na zaidi baada ya hapo. Watu wa Butiama waliniambia miguu yake ilikuwa mizima mpaka mwisho, kila Jumapili alitembea kwenda kanisani na kurudi bila fimbo, na magari ya Musoma yanapita mbele ya nyumba ya binti yake. Dada aliendelea kuinua macho kila aliposikia sauti ya mzee, na kila mzee aliyesimama mbele ya meza yake alikuwa anataka dagaa tu.